Mwanamuziki Anapobadili Mtindo, Hubadilika Nini Hasa?

Beyoncé alipopokea tuzo ya Grammy ya albamu bora ya kantri, yaani muziki wenye asili ya mashambani ya Marekani, mnamo Februari 2025, akawa mwanamuziki mweusi wa kwanza kuitwaa, mabishano yaliyokuwa yakifukuta kwa mwaka mzima yaliwaka upya. Wako waliosema kwamba nyota wa R&B ameingia kwenye ua usio wake, na wako waliojibu kwamba mzaliwa wa Houston, Texas, hahitaji kibali cha mtu ili aimbe muziki uliokuwa ukipigwa alikokulia. Mwenyewe alikuwa ameongeza utata mapema, kwani siku chache kabla ya kuitoa Cowboy Carter mnamo Machi 2024 aliandika kwamba hiyo si albamu ya kantri bali ni albamu ya Beyoncé. Msikilizaji wa kawaida alibaki na maswali mawili yasiyopatana: ikiwa si ya kantri, imeshindaje tuzo ya kantri, na ikiwa ni ya kantri, mbona mwenye nayo ameikana?

Mkanganyiko wa namna hii si mgeni. Huzuka kila mara nyota wa pop anapotoa kazi ambayo mashabiki wake hawakuitarajia, na hauishi upesi kwa sababu wabishani hutumia neno moja, kubadilika, kwa mambo yasiyofanana. Mmoja huwa anazungumzia ngoma na magitaa, wa pili anazungumzia nia iliyo moyoni mwa mwimbaji, na wa tatu anazungumzia rafu ambayo duka limeiweka albamu hiyo. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja na bado wasielewane.

Tuanze na neno lenyewe. Mtindo wa muziki ni mkusanyiko wa mazoea: jinsi mapigo yanavyopangwa, ala zinazopewa nafasi ya mbele, namna ya kuitoa sauti, mambo yanayoimbwa, na hata mavazi ya jukwaani. Unafanana sana na lahaja. Wazungumzaji wa lahaja mbili za lugha moja huweza kusimulia kisa kilekile, kwa mpangilio uleule, na bado ukawatambua kwa matamshi na maneno waliyoyachagua. Kisa ndicho wimbo, na lahaja ndiyo mtindo. Anayejifunza lahaja ya watu wengine ukubwani anaweza kuimudu vizuri sana, lakini lafudhi ya nyumbani kwao haimtoki kabisa, na hapo ndipo utamu mwingi wa muziki wa kuvuka mipaka unapopatikana.

Kwa kuwa wimbo na mtindo si kitu kimoja, tunaweza kuutazama wimbo wowote kama kitu chenye tabaka. Chini kabisa kuna tuni na maneno, yaani kile unachoweza kukiimba bafuni bila ala yoyote. Juu yake kuna mapigo, kisha ala, kisha namna mwimbaji anavyoitumia sauti yake, na juu kabisa kuna kazi ya mtayarishaji, ambaye huamua nini kisikike kwa nguvu, nini kififie na nini kiondolewe. Dolly Parton alipoutoa wimbo wake I Will Always Love You mwaka 1974, ulikuwa wimbo mtulivu wa kantri. Whitney Houston alipouimba mwaka 1992, tuni ilikuwa ileile na maneno karibu yote yaleyale, lakini wasikilizaji wengi waliupokea kama wimbo mkubwa wa soul na pop, na wengine mpaka leo hawajui kwamba aliutunga Parton. Tabaka la chini halikuguswa. Yaliyobadilika ni yale ya juu.

Tabaka la mapigo linastahili maelezo kidogo zaidi, kwa sababu ndilo ambalo mwili huligundua kabla ya akili. Katika haus, muziki wa dansi wa kielektroniki, ngoma kubwa ya mguu hupiga kwenye kila moja ya mapigo manne, mfululizo, kama hatua za mtu anayetembea kwa haraka bila kugeuka nyuma, na mwendo wake kwa kawaida ni kati ya mapigo 120 na 130 kwa dakika. Rege ya kale hufanya kinyume: pigo la kwanza, ambalo mitindo mingi hulitilia mkazo, huachwa wazi, na ngoma huangukia pigo la tatu, ndiyo maana mchezaji huhisi kana kwamba ardhi imechelewa kuupokea mguu wake. Amapiano, iliyochipuka Afrika Kusini katika miaka ya 2010, hutembea polepole kuliko haus, takriban mapigo 110 hadi 115 kwa dakika, na besi yake hubebwa na sauti nzito ya ngoma ya kielektroniki inayoitwa logi, ambayo ni ngoma na besi kwa pamoja. Mwimbaji wa pop anayehama kutoka mtindo mmoja kati ya hii hadi mwingine huenda asibadilishe hata neno moja la wimbo wake, lakini huilazimisha sauti yake kupumua mahali pengine, kwa sababu nafasi zilizo wazi baina ya mapigo si zilezile.

Hakuna kisa kinachoonyesha jambo hili vizuri kama cha Bee Gees. Ndugu hawa watatu walijulikana duniani katika miaka ya 1960 kwa nyimbo za huzuni zilizosindikizwa na vinanda vya nyuzi, na kufikia mwaka 1974 nyota yao ilikuwa imefifia. Walihamia Miami kurekodi chini ya mtayarishaji Arif Mardin, na kila siku walipokuwa wakienda studio walivuka daraja ambalo magurudumu ya gari lao yalitoa mlio wa kukatakata. Mlio huo uliwapa mapigo ya Jive Talkin', uliotoka mwaka 1975. Katika vipindi hivyohivyo vya kurekodi, Mardin alimwomba Barry Gibb apige kelele kwa sauti nyembamba ya juu, na Barry akagundua kwamba anaweza kuimba hivyo wimbo mzima. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa sauti ambayo miaka miwili baadaye, pamoja na filamu ya Saturday Night Fever, ilitapakaa duniani kama sauti ya disko, muziki wa dansi uliotamba katika miaka ya 1970. Ukizisikiliza nyimbo hizo bila ngoma, utawakuta ndugu walewale wanaooanisha sauti tatu kama walivyofanya tangu utotoni. Kilichowafanya waonekane wapya ni daraja, mtayarishaji, na sehemu ya koo ambayo hawakuwa wameitumia.

Sehemu ya pili ya kisa chao husimuliwa kwa nadra, nami naiona ya maana zaidi. Julai 1979 chuki dhidi ya disko ilifikia kilele chake katika uwanja mmoja wa besiboli mjini Chicago, ambako sanduku la sahani za disko lililipuliwa mbele ya maelfu ya watu. Redio nyingi za Marekani ziliwakimbia Bee Gees. Basi wakafanya nini? Waliendelea kutunga, ila wakawapa wengine waimbe. Woman in Love, ulioimbwa na Barbra Streisand mwaka 1980, ni kazi ya mikono yao, na Islands in the Stream, ulioimbwa na Kenny Rogers na Dolly Parton mwaka 1983 na kushika nafasi ya kwanza kwenye chati ya kantri, ni wao pia. Watu waliokuwa wameapa kutowasikiliza tena waliwasikiliza kila siku bila kujua. Walichokuwa wamekikataa ni vazi; mshonaji hawakuwahi kumkataa.

Hapa ndipo linapokuja swali ambalo mijadala mingi hulikwepa: ni nani aliyeweka mipaka baina ya mitindo? Wengi huamini kwamba mipaka hiyo imetokana na muziki wenyewe, kama vile mto unavyotenganisha kingo mbili. Historia ya Marekani, ambako majina mengi tunayoyatumia yalitungwa, inasema vingine. Baada ya mwaka 1920, Mamie Smith alipouza kwa wingi sahani ya bluzi aliyoirekodi kwa kampuni ya Okeh, makampuni ya kurekodi yalianzisha orodha maalumu za muziki uliokusudiwa kuuzwa kwa wateja weusi, na sambamba nazo yakaweka orodha za muziki wa wazungu wa mashambani. Mgawanyo ulikuwa wa wanunuzi. Wanamuziki wenyewe walikuwa wakisikilizana na kuazimana nyimbo kila siku. Mwaka 1930 Jimmie Rodgers, ambaye leo huitwa baba wa kantri, alirekodi wimbo huku Louis Armstrong akimpigia tarumbeta. Mwaka 1949 jarida la Billboard liliacha kuita muziki wa weusi kwa jina la rangi yao na kuanza kuuita rhythm and blues, lakini ukuta wenyewe ulibaki pale pale, umepakwa tu chokaa mpya.

Ndiyo maana mwaka 1962, Ray Charles, mwimbaji mweusi wa soul, alipotaka kurekodi albamu nzima ya nyimbo za kantri, watu wa kampuni yake walihofu kwamba atawapoteza mashabiki wake. Alikuwa akisikiliza kantri redioni tangu utotoni, kwa hiyo kwake yeye hakuwa anahama popote. Albamu ilifanikiwa mno, na I Can't Stop Loving You ukashika nafasi ya kwanza Marekani nzima. Miaka 57 baadaye, Machi 2019, Billboard iliuondoa wimbo wa rapa mweusi Lil Nas X, Old Town Road, kwenye chati yake ya kantri kwa maelezo kwamba haukuwa na vipengele vya kutosha vya kantri ya leo, na wimbo huo ukaenda kukaa kileleni mwa chati kuu kwa wiki 19. Nao wimbo wa kwanza uliotoka katika Cowboy Carter ulifunguliwa kwa banjo iliyopigwa na Rhiannon Giddens, ala ambayo wengi huidhania kuwa ya wazungu wa milimani ilhali asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani katika Karibiani na Amerika. Mtu anayedai kwamba Beyoncé amekivamia chombo cha wenyewe hajauliza chombo kilitoka wapi.

Ukishaitambua tofauti baina ya muziki na rafu ya duka, maswali yale mawili ya mwanzo hayagongani tena. Kusema kwamba albamu si ya kantri ni kuikataa rafu. Kuipa tuzo ya kantri ni kuyatambua mazoea yaliyomo ndani yake. Kwa hakika kazi hiyo imechanganya mengi, na albamu iliyoitangulia, Renaissance ya mwaka 2022, ilikuwa imefanya hivyohivyo kwa haus na disko.

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba anayebadili mtindo anafuata fedha. Wapo wanaofanya hivyo, na hakuna sababu ya kulificha. Hata hivyo, hesabu ya biashara kwa kawaida huelekea upande wa pili, kwa maana kampuni iliyowekeza katika sauti fulani hutaka sauti hiyohiyo irudiwe hadi ikauke. Mwaka 1983 kampuni ya kurekodi ya Geffen ilimshtaki mwanamuziki wa roki Neil Young na kudai dola milioni 3.3 kwa hoja kwamba albamu alizokuwa akiitolea hazikuwa za kibiashara na hazikufanana na kazi zake za awali. Moja ilikuwa Trans, ambamo sauti yake ilipitishwa kwenye mashine mpaka ikawa kama ya roboti, na nyingine ilikuwa ya roki ya miaka ya 1950. Ni miongoni mwa kesi za ajabu katika historia ya muziki: mtu ameshtakiwa, kwa kifupi, kwa kutofanana na nafsi yake. Baadaye Young alieleza kwamba Trans ilitokana na juhudi za kuwasiliana na mwanawe ambaye ulemavu ulimzuia kuzungumza, na kwamba maneno yasiyoeleweka vizuri ndiyo yaliyokuwa maana yenyewe ya albamu ile. Geffen iliacha kesi hiyo.

Mashabiki nao huweza kuwa wakali kuliko makampuni. Bob Dylan, aliyependwa kwa nyimbo za folk za gitaa kavu, alizomewa kwenye tamasha la folk la Newport tarehe 25 Julai 1965 alipopanda jukwaani na gitaa la umeme, na mpaka leo watu hubishana ikiwa zomea ile ililenga umeme, ubovu wa vipaza sauti, au ufupi wa onyesho, kwani kwa bendi aliimba nyimbo tatu tu kabla ya kurudi na gitaa kavu. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba albamu aliyoitoa Machi mwaka huohuo tayari ilikuwa na upande mzima uliopigwa kwa ala za umeme. Aliyeshangaa Julai hakuwa amesikiliza tangu Machi.

Hilo lanileta kwenye kosa la kuyaona mabadiliko kama mruko wa ghafla. Mara nyingi ni ngazi, na sisi hutazama tu hatua ya mwisho. Taylor Swift hutajwa kama mwimbaji wa kantri aliyegeuka kuwa wa pop mwaka 2014 kwa albamu ya 1989, na ni kweli kwamba yeye mwenyewe aliitambulisha kama albamu yake ya kwanza ya pop kamili. Lakini miaka miwili kabla, kwenye Red, alikuwa ameshafanya kazi na Max Martin na Shellback, watayarishaji wa Sweden ambao mikono yao ilikuwa katika nyimbo nyingi zilizotamba za pop, na nyimbo walizozitengeneza zilikuwa zimekaa ndani ya albamu moja na nyimbo za kantri. Alipotoa Folklore mwaka 2020 pamoja na Aaron Dessner wa bendi ya The National, piano na gitaa kavu vikachukua nafasi ya mitambo, lakini tabia ya kusimulia kisa cha mtu fulani, mahali fulani, na kitu kidogo kilichosahaulika mezani au mfukoni, ilikuwa ileile aliyoanza nayo mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 16. Tabaka la chini lilibaki.

Kutokana na mfano huo wengine huhitimisha kwamba kumbe kazi yote ni ya mtayarishaji. Wamekaribia ukweli, lakini wameupita. Mtayarishaji ni kama fundi cherehani mzuri: anajua mishono ambayo wewe huijui, na akikupima vizuri utatoka dukani ukionekana mtu mwingine, lakini hawezi kukushonea mabega usiyokuwa nayo. Fundi huyohuyo hushonea wateja wengi, na wateja hao hawatoki wakiwa sawa. Tena ni mwimbaji anayechagua aende kwa fundi yupi, na mara nyingi uchaguzi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote anayoufanya katika kubadili mtindo.

Kuhusu mashine zinazorekebisha sauti, mengi yanayosemwa si sahihi. Programu ya Auto-Tune ilitoka mwaka 1997, nayo ilibuniwa na Andy Hildebrand, mtaalamu aliyekuwa amefanya kazi ya kuchanganua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya utafutaji wa mafuta. Kazi yake iliyokusudiwa ilikuwa kusahihisha noti iliyopotoka kidogo bila mtu kugundua. Sauti ya binadamu huhama kutoka noti moja hadi nyingine kama mtu anayeteremka mteremko. Programu ikiwekwa kwenye kasi ya juu kabisa, mteremko huo hugeuka kuwa ngazi zenye kingo kali. Watayarishaji wa Cher waliyatumia makali hayo kwa makusudi katika Believe mwaka 1998, na mwanzoni wakadai kwamba walitumia kifaa kingine ili siri isivuje. Cher alikuwa na miaka 52 na rekodi ya zaidi ya miongo mitatu ya kuimba bila msaada wa mashine hiyo, kwa hiyo kusema kwamba aliitumia kuficha udhaifu ni kupindua mambo. Aliitumia kama mpiga gitaa anavyotumia kifaa cha kukwaruza sauti, yaani kama ala.

Wakati mwingine sababu ya mabadiliko ni ya kimwili tu, wala haihitaji nadharia. Koo huzeeka. Joni Mitchell aliuimba Both Sides Now mwaka 1969 kwa sauti ya juu na gitaa peke yake, akauimba tena mwaka 2000 kwa sauti iliyoshuka mno, akisindikizwa na okestra kubwa. Sauti ile ya pili isingeweza kusimama mahali pa ile ya kwanza, na mtindo ulibadilika ili kuipisha. Wanaozipenda rekodi zote mbili watakubali kwamba maneno ya mtu aliyeyatazama maisha kutoka pande zote mbili yanaaminika zaidi yakitoka kwenye koo lililochoka.

Limebaki swali la kuazima, na hili sitalipamba. Mwimbaji tajiri anapochukua mapigo ya watu wasio na umaarufu, lawama inaweza kuwa halali kabisa. Paul Simon alirekodi sehemu kubwa ya Graceland, iliyotoka mwaka 1986, na wanamuziki wa Afrika Kusini wakati ambapo kulikuwa na mgomo wa kitamaduni dhidi ya utawala wa ubaguzi, na alikosolewa vikali kwa kutotafuta idhini ya wapigania uhuru; wakati huohuo aliwalipa wapigaji vizuri na kuwafikisha Ladysmith Black Mambazo mbele ya hadhira ya dunia. Hoja zote mbili zina uzito, na moja haiifuti nyingine. Maswali yanayosaidia hapa si ya muziki: ni nani ameandikwa kama mtunzi, ni nani analipwa wimbo unapochezwa, na je, waliobuni mtindo huo wameitwa kupiga au wameigwa tu? Majibu huwa yameandikwa kwenye orodha ya walioshiriki, ambayo siku hizi huonekana kwa kugusa skrini mara moja au mbili, na ambayo karibu hakuna anayeigusa.

Miezi michache baada ya ushindi wa Beyoncé, waandaaji wa Grammy walitangaza kwamba tuzo ya albamu bora ya kantri itagawanywa kuwa mbili, moja ya kantri ya kimapokeo na nyingine ya kantri ya kisasa. Mwimbaji wa pop atakayeelekea upande huo safari ijayo atakuta rafu mbili badala ya moja, na mabishano kuhusu ni ipi kati ya hizo mbili inayomstahili yanaweza kuanza.